Gitaa Kwenye Sabufa ya Jirani

Mwanamume aliyetaka kumchukua mdogo wangu alikuja Jumapili mchana, amevaa shati lililopigwa pasi, akabisha hodi kama inavyotakiwa. Nilikuwa uani nasugua sufuria kwa majivu. Akasalimia, akasema anaomba kuonana na mkubwa wa nyumba.

"Karibu," nikamwambia. "Ndiye mimi."

Akatazama nyuma yangu, mlangoni, kama mtu anayesubiri mwingine atokee.

"Namaanisha mzee."

"Wazee wako Igombe, makaburini, wote wawili. Kama ni shida ya nyumba hii, vuta kigoda."

Akaomba radhi, akavuta kigoda. Alikuwa kiongozi wa bendi ndogo inayopiga kwenye baa za upande wa Geita, huko ng'ambo ukishavuka kivuko cha Kigongo. Alikuwa amemsikia mdogo wangu akipiga gitaa kwenye harusi moja hapa Igoma, akiwa na kwaya, akauliza watu mpaka akaelekezwa kwetu. Bendi yake ilikuwa imekimbiwa na mpiga gitaa. Gitaa la umeme lilikuwepo, chumba cha kulala kilikuwepo, chakula kilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu. Aliongea taratibu na kwa heshima, na hilo lilinitia wasiwasi zaidi kuliko kama angekuwa mhuni.

Mdogo wangu alikuwa amekaa kizingitini akisikiliza. Alikuwa kidato cha nne. Mtihani wa mwisho ulikuwa mbele yake, si mbali.

Lazima nieleze hapa tulivyokuwa tunaishi. Baba alitangulia, mama akafuata nikiwa kidato cha pili. Baada ya mazishi ya mama ndugu walikaa kikao sebuleni kwetu, kwenye nyumba ambayo baba alikuwa hajaimaliza kupiga plasta, wakagawana watoto kwa maneno. Huyu mvulana aende Sengerema, wale wasichana wawili waende kwa shangazi Bukoba, mimi nitafutiwe kazi za ndani. Nilisema nitakaa nao wote hapa hapa. Hawakubishana nami. Walikubali kama unavyomkubalia mtoto anayesema atakesha: unajua atasinzia tu. Kwa hiyo niliacha shule, nikaenda kwa fundi sofa kwenye barabara ya Musoma, nikapewa kazi ya kupiga msasa na vanishi. Nilikuwa bado nipo hapo wakati ninaouelezea. Wasichana walikuwa shule ya msingi. Nilijua jambo moja kwa hakika: akiondoka mmoja kabla ya wakati, simu ya shangazi ingelia wiki hiyo hiyo, na wale wawili wangefuatwa.

Nikamwambia mgeni asubiri mtihani uishe, kisha aje tuzungumze.

"Dada, mpigaji bila chombo anapoa," akasema. "Vidole vinasahau. Hapa anapigia nini?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Gitaa ambalo mdogo wangu alikuwa akilipiga kanisani lilikuwa la mwalimu wa kwaya, gitaa la mbao la kawaida, wakilisogezea maiki. Mwalimu alikuwa amehamia Bukoba na amelichukua. Alituachia kichwa na shingo ya gitaa jingine la zamani, lililokuwa limekaliwa na mtu likavunjika tumbo. Tangu hapo mdogo wangu alikuwa akipiga meza kwa vidole wakati wa kula mpaka nimwambie aache.

"Hapa hakuna gitaa, dada," akasema kutoka kizingitini, bila kunitazama. "Kule lipo."

"Nitatengeneza," nikasema.

Mgeni akacheka, si kwa ubaya. "La umeme? Dada, hilo si kabati."

"Kabati lina milango. Hili halina."

Mdogo wangu akainua kichwa. Hakucheka. Alifikiri kidogo, kisha akasema maneno ambayo tuliyashika wote watatu kama mkataba: "Likilia, nabaki mpaka mtihani. Lisipolia, nakwenda naye." Mgeni akakubali. Bendi yake ingepita tena Mwanza mwisho wa mwezi kuleta spika zao kwa fundi, naye angekuja kulisikia. Akaaga, akashika njia.

Sikuwahi kushika gitaa la umeme. Nililokuwa nalo ni lile la zamani lililovunjika, benchi la fundi sofa, na vifaa vya baba: randa, patasi, tupa, msumeno wa mbao na wa chuma, keekee ya mkono. Nikamwomba bosi vipande vya mninga vilivyobaki kwenye mikono ya sofa, akanipa, akaniambia nifanye baada ya saa za kazi. Wenzangu walipita wakitazama ninachochonga. Mmoja akauliza ni kiti cha nani. Mwingine akajibu kwamba ni cha shetani, ndiyo maana kina mguu mmoja.

Kiwiliwili hakikunisumbua. Gitaa la umeme halina tumbo, ni ubao mzito tu, na ubao mzito naujua. Nilichora umbo kwa kufuatisha picha kwenye simu, nikakata, nikazungusha kingo. Shingo ndiyo iliyokuwa kazi. Vile vyuma vinavyokatiza shingoni, ambavyo kidole hukanyaga kati yake, havilingani nafasi. Vinaanza vikiwa vimeachana karibu na kichwa na kuendelea kukaribiana. Niliweka shingo ya zamani kando ya mpya, nikahamisha kila alama kwa ncha ya kisu. Nilikumbuka kwamba kwenye gitaa la mwalimu chuma kilichokaa pale shingo inapokutana na tumbo ndicho kilichokuwa katikati ya uzi, kwa hiyo nikapima kutoka kichwani hadi pale, nikarudia kipimo hicho hicho kwenda upande wa kiwiliwili, na hapo nikaweka kizuizi cha nyuzi, ambacho nilikitengeneza kwa bawaba ya dirisha.

Vyuma vyenyewe vilikuwa spoku za baiskeli. Nilikata mifereji kwa msumeno wa chuma, nikabandika spoku kwa gundi, nikazisawazisha juu kwa tupa. Vishikio vya kukazia nyuzi niliving'oa kwenye kichwa cha gitaa la zamani. Kisha nikafanya kazi niliyoijua kuliko zote: nikapiga msasa. Nilitaka shingo iwe nyembamba na laini, mkono wa mdogo wangu uteleze. Nilisugua jioni nyingi. Bosi akaishika siku moja, akasema imekuwa kama mkono wa mtoto. Nilichukulia kuwa ni sifa.

Mdogo wangu hakusogea karibu. Alikuwa amesema hataligusa mpaka limalizike, isije ikasemwa alinisaidia au aliniharibia. Akirudi shule alikuwa akipita benchi, anatazama, anakwenda.

Sehemu ya umeme nilimwendea fundi redio, mzee mmoja wa Mabatini ambaye alikuwa akitengeneza redio ya baba. Nikamwamkia, nikamweleza. Yeye naye hakuwahi kufungua gitaa la umeme, akasema hivyo waziwazi. Lakini alijua spika. Akaniambia spika ukiigeuza inakuwa maiki, na kwamba kila kitu kinachosikia sauti kwa umeme, ukikichunguza, utakuta sumaku na koili ya waya mwembamba. Akanipa sumaku ya spika iliyopasuka, akanipa na adapta ya redio iliyokufa, akaniambia ndani yake nitakuta waya mwembamba kama unywele.

Waya ule niliuhamisha Jumapili, uani. Nilikata kigurudumu cha koili kutoka mfuniko wa ndoo, nikakifunga kwenye keekee, nikawa nazungusha, mmoja wa wasichana akishika adapta na mwingine akihesabu mizunguko. Baadaye wakagombana nani amekosea hesabu, mmoja akalia, tukaendelea bila kuhesabu mpaka kigurudumu kilipojaa. Katikati nilisimamisha misumari mifupi, kila uzi na msumari wake, na sumaku chini yake. Fundi redio akachomelea waya za kutokea kwa lihamu na kunifungia pini.

Nyuzi sikuzifikiria hata kidogo. Tulizaliwa Igombe, baba akichonga milango na mama akianika dagaa, na pale ufukweni kila mtoto aliyekuwa na gitaa la galoni alilifunga mshipi wa kuvulia, wa samaki wakubwa kwa sauti nzito na wa wadogo kwa sauti nyembamba. Gitaa la mwalimu wa kwaya nalo lilikuwa na nyuzi za nailoni. Kwangu gitaa na mshipi vilikuwa kitu kimoja. Nikanunua mshipi wa unene tofauti, nikafunga, nikakaza. Ulikaa vizuri, na kwa sikio la karibu ulilia sawasawa, taratibu, kama gitaa linalosikika kutoka nyumba ya pili.

Sabufa tulikuwa hatuna. Alikuwa nayo jirani, mama mmoja wa Bukoba, Mlutheri, ambaye siku za Jumamosi aliifungulia kwaya kuanzia asubuhi. Nilipomwomba alikubali kwa sharti.

"Mwanangu, hii sabufa ni ya injili. Usije ukaizoesha baa."

Nikamwambia gitaa lenyewe bado halijazoea chochote. Tukachomeka pini kwenye tundu la maiki. Sabufa ikavuma mvumo mdogo. Nikapiga uzi. Mvumo ukaendelea vile vile. Nikapiga zote kwa pamoja. Hakuna. Mama jirani akasogeza sikio kwenye spika, akasema labda linaanza taratibu.

Niliifungua koili usiku huohuo kichwani mwangu na kesho yake kwa mikono. Niliuzungusha waya upya wote. Nikachomeka tena. Mvumo. Nikaenda Mabatini, fundi redio akapima kwa mita yake, akasema njia ipo, waya haujakatika, labda sumaku ni dhaifu. Akanipa kubwa zaidi. Nikarudi, nikaifunga. Mvumo ule ule. Kufikia hapo mama jirani alikuwa ameacha kuja kutazama. Alikuwa akipepeta mchele wake na kuniachia mlango wazi.

Mdogo wangu alijua. Nyumba zetu zimebanana kwenye mawe, na sabufa ikinyamaza kila mtu anaisikia imenyamaza. Yeye alifua nguo zake zote siku hiyo, hata sweta ambayo haivaliwi msimu ule, akazianika. Zilipokauka akazikunja ndani ya begi, akaliegemeza ukutani kando ya mlango. Kisha akakaa kufanya hesabu za shule kama kawaida. Nilipita pale mara kadhaa. Sikumwambia alitoe, kwa sababu tulikuwa tumepatana, na mimi ndiye niliyefundisha wadogo zangu kwamba tukipatana tumepatana.

Mwisho wa mwezi ulipofika, siku moja kabla ya mgeni kurudi, nilikuwa chumbani kwa mama jirani nakaza skrubu ya kizuizi cha nyuzi. Gitaa lilikuwa bado limechomekwa. Bisibisi ikaniponyoka, sumaku ikaivuta, ikagonga juu ya ile misumari. Sabufa ikapiga kishindo, ungo wa mama jirani ukaanguka, mchele ukatapakaa sakafuni.

"Yesu," akasema, si kwa sauti kubwa.

Niliinua bisibisi. Nikaipitisha tena juu ya koili bila kuigusa. Sabufa ikaguna. Nikaipitisha haraka, ikaguna haraka. Nikapiga uzi wa mshipi kwa nguvu zote. Kimya. Bisibisi, inaguna. Mshipi, kimya. Nilifanya hivyo mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Koili ilikuwa hai tangu siku ya kwanza. Nilikuwa nimeifungua na kuizungusha upya bure. Sumaku inakijua chuma tu, na mimi nilikuwa nimeifungia plastiki ya kuvulia samaki. Fundi redio hakuniuliza nimefunga nyuzi gani, na mimi sikumwambia, kwa kuwa hakuna aliyedhani kuna la kuuliza.

Nilimsaidia mama jirani kuokota mchele, kisha nikaenda kwa mafundi wa pikipiki walioko karibu na stendi, nikapewa nyaya za breki zilizochakaa. Waya wa breki ukiufumua unapata nyuzi za chuma, nyembamba na ngumu. Kwa sauti nyembamba niliweka uzi mmoja, kwa nzito nikasokota nyuzi kadhaa pamoja kwa keekee. Asubuhi ya siku ya mgeni nilikuwa nakaza wa mwisho. Nikachomeka. Nikapiga.

Sauti ilitoka mbichi, yenye kutu ndani yake, na ilijaza chumba. Mama jirani akatokea mlangoni, akasikiliza, akasema haya, ila bado ni ya injili.

Furaha yangu haikudumu mpaka saa nne. Chuma kinavuta kuliko mshipi, na shingo niliyoisugua mpaka ikawa kama mkono wa mtoto haikuweza kubeba. Nilipoitazama kwa jicho moja kutoka kichwani niliona imejikunja katikati, na kila saa ilijikunja zaidi. Karibu na kichwa sauti zilikuwa sawa. Ukipanda juu, kuelekea kiwiliwili, nyuzi zilikuwa mbali na shingo, kidole kikikanyaga, uzi unavutika kupita kiasi na sauti inapotoka. Kutengeneza shingo nyingine hakukuwa na muda. Nikaliacha lilivyo.

Mgeni alikuja alasiri, akabisha hodi, na safari hii akaniuliza mimi moja kwa moja. Tukaingia wote kwa mama jirani. Mgeni akalichukua gitaa, akaligeuza, akagonga kiwiliwili kwa kidole, akaitikia kwa kichwa. Kisha akalisimamisha, akaangalia shingo kama fundi anayekagua ubao.

"Imepinda."

"Imepinda," nikasema.

Akapiga chini, karibu na kichwa, akasikiliza. Akapanda juu, akapiga tena, akakunja uso. "Huku juu linaimba wimbo mwingine, dada."

Nikamwambia nalijua hilo, na nikamwambia sababu yake, kwamba nilisugua mno kwa ajili ya mshipi kisha nikafunga chuma. Sikuwa na sababu ya kumficha. Masikio yake yalikuwa mazuri kuliko yangu. Akamkabidhi mdogo wangu gitaa.

Mdogo wangu alilishika kwa mara ya kwanza. Alivuta kamba ya begani, akajaribu kila chuma kutoka kichwani kwenda juu, polepole, uzi mmoja baada ya mwingine. Kila alipofika juu sauti ilichacha, naye alisimama pale, akarudia, kisha akaendelea na uzi mwingine. Ilichukua muda. Wasichana walikuwa wamekaa kitandani kwa mama jirani, hawacheki. Nilitazama mikono yake kwa kuwa uso wake sikuweza kuusoma.

"Geita lipo lililonyooka," mgeni akasema. Alilisema kwa upole, kama mtu anayemkumbusha mwenzake mwavuli.

"Najua," mdogo wangu akajibu.

Akaanza wimbo wa kwaya, ule wa kutolea sadaka, lakini aliupiga wote karibu na kichwa, chini, kwenye vyuma vichache vilivyokuwa vinasema kweli. Pale ambapo wimbo ulitaka kupanda, alizunguka, akatafuta sauti ile ile mahali pengine kwenye uzi mzito zaidi, au akaiacha na kuweka nyingine inayofaa. Niliona mgeni ameacha kutazama shingo, anatazama vidole. Mama jirani aliitikia kiitikio kwa sauti ya chini huku anapepeta. Wimbo ukaisha.

"Nilisema likilia," mdogo wangu akamwambia mgeni. "Sikusema likilia vizuri."

Mgeni akacheka. "Huyu ungempeleka mahakamani, dada, si Geita." Akanywa chai aliyopewa, akaagana na kila mtu, na wasichana pia. Mlangoni akamwambia mdogo wangu kwamba baada ya mtihani nafasi itakuwepo, kama itakuwepo. Ilikuwepo. Alikwenda mwaka uliofuata, na hilo alinitaarifu yeye mwenyewe, mtu aliyekwisha kumaliza kidato cha nne, sikuwa na la kuzuia. Lakini wakati ule nilikuwa sijui hayo. Nilijua tu kwamba mgeni anateremka mawe peke yake.

Mdogo wangu alichomoa pini, akaanza kulegeza nyuzi moja moja ili shingo ipumzike. Sikuwa nimemwambia afanye hivyo. Akaniuliza shingo nyingine ingetakiwa iwe nene kiasi gani, nikamwonyesha kwa vidole, nikamwambia pia kwamba ningependa kuizika nondo nyembamba ndani yake, lakini sikujua nondo inafaa kukaa upande gani, juu karibu na nyuzi au chini mgongoni mwa shingo.

"Kesho unatoka kazini saa ngapi?" akauliza.

"Saa kumi na moja. Wewe unatoka shule saa ngapi?"

"Saa tisa."

"Basi njoo na vitabu, ukae kwenye benchi usome mpaka nimalize. Halafu tutajaribu juu kwanza."